Mateo Aliyebaki Njia Panda

Je, wewe umewahi kulikuta gari limesimama katikati ya barabara, injini inanguruma, waipa zinafuta theluji huku na huku, redio inaongea yenyewe, na ndani hamna mtu?

Majira yale ya baridi, katika mji ule wa kiwanda cha nyama huko Nebraska, magari ya namna hiyo yalikutwa mara nyingi mpaka yakawa na taratibu zake. Aliyelikuta alizima injini, akausukuma ufunguo chini ya zulia la miguuni, kisha akapiga simu kanisani kusema ni gari la rangi gani na limesimama wapi. Jina la mwenye gari hakulitaja hata kama alilijua. Majina yalikuwa hayatajwi tena nje ya nyumba.

Gari la Mateo alilikuta Catarina, jirani yao, asubuhi akitoka zamu. Lilikuwa lile la bluu lenye mlango mmoja mweupe, limesimama njia panda pale Mtaa wa Nane unapokatiza reli. Kioo cha dereva kilikuwa vipande vipande juu ya kiti. Mkanda ulikuwa umekatwa kwa kisu. Juu ya dashibodi kulikuwa na tamale, andazi la mahindi linalopikwa ndani ya ganda la hindi, imefunuliwa ganda upande mmoja, imeumwa mara moja, na bado ilikuwa ya moto. Catarina alisema baadaye kwamba kilichomtisha si vioo, ni ule mvuke mwembamba wa chakula uliokuwa ukipanda ndani ya gari lisilo na mtu.

Mateo huyo alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mtoto pekee wa Micaela. Baba yake, Andrés, alikwisha kufa zamani. Micaela alitoka milimani Guatemala akiwa msichana, akavuka jangwa kwa miguu, na tangu hapo alikuwa anakata mapaja ya ng'ombe kiwandani bila karatasi hata moja iliyosema yeye ni nani. Lakini Mateo alizaliwa papo hapo mjini, katika hospitali yenye madirisha ya kijani, siku ambayo theluji ilifunga milango. Alikuwa raia wa nchi ile sawa na meya. Kadi yake ya utambulisho ilikuwa mfukoni.

Fundi wa matairi aliyekuwa ng'ambo ya barabara aliona yote. Walikuwa watu wa migra, wale wakamataji wa wahamiaji, nyuso wamezifunika mpaka chini ya macho. Walimwuliza jina. Akasema: Mateo Andrés Mateo. Wakacheka. "Jina gani hili linaloanza na kuishia palepale?" Wao hawakujua kwamba kwao Micaela mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake, na jina la baba hufuata, na la babu tena likafunga, kwa hiyo majina ya kijiji kizima ni machache tu yanayozungushwa kama sahani za karamu. Kiwandani ukiita "Mateo!" nusu ya mstari wa wakata nyama inageuka na visu mkononi. Kwenye kompyuta ya wale wakamataji mlikuwa na Mateo Andrés mwingine waliyekuwa wakimtafuta. Kijana akatoa kadi. Wakasema kadi mtu yeyote anaweza kuichapisha. Wakaondoka naye.

Alirudishwa baada ya siku kadhaa. Nasema alirudishwa, lakini ukweli ni kwamba aliachwa kwenye kituo cha mafuta kando ya barabara kuu, hana koti, viatu havina kamba, na hakuna aliyemwambia hata samahani. Padri alimleta nyumbani. Micaela alimkumbatia pale mlangoni, akamkumbatia tena, halafu akarudi nyuma akamtazama vizuri, kama mtu aliyebeba ndoo akaiona nyepesi kuliko alivyotarajia.

Mateo hakusema neno. Ukimpa kijiko, alikula. Ukimwambia keti, aliketi. Lakini ukimwita jina lake hakugeuka. Alitulia tu kama mtu anayesubiri mwenye jina hilo aitike. Na kila mtu alipoingia chumbani, hata awe nani, Mateo alipeleka mkono mfukoni polepole, akatoa ile kadi, akainyoosha mbele. Daktari alionyeshwa kadi. Padri alionyeshwa kadi. Asubuhi mama yake alipoingia na kikombe cha uji wa mahindi, alionyeshwa kadi.

"Nimeiona, baba," Micaela alikuwa akimwambia. "Iko sawa. Irudishe."

Akairudisha. Mama akitoka na kuingia tena, mkono ulikwenda mfukoni upya.

Daktari alisema ni mshtuko, utapungua. Micaela alimshukuru, akachukua vidonge, akavipanga juu ya friji. Yeye alijua ni nini. Kule milimani mtoto akianguka mtoni akaokolewa, akarudi nyumbani hasemi, watu hawaulizi mara mbili. Mwili umeokolewa, roho imebaki mtoni. Basi mama huchukua shati ambalo mtoto alilivaa siku ile, huenda mpaka palepale alipoangukia, huichapa ardhi kwa tawi, humwita mwanawe kwa sauti mpaka roho isikie, kisha huliburuza lile shati njia nzima mpaka nyumbani, huku akiita. Wakati wa kurudi hazungumzi na mtu. Hageuki nyuma. Akijibu salamu tu, roho hubabaika ikamfuata mwingine, na safari ya pili haikubali. Tena roho isipofuatwa mapema hupazoea mahali, na mwili hunyauka kidogo kidogo mpaka unazimika. Micaela alikuwa amewahi kumwona mmoja aliyezimika hivyo. Alikuwa ndugu yake.

Kwa hiyo alimwambia Catarina, wakiwa jikoni, mapazia yamefungwa ingawa ilikuwa mchana.

"Mika, akili yako nzima?" Catarina alisema. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye meno mawili ya fedha na hakuwa na uwezo wa kunong'ona. "Njia panda ya Mtaa wa Nane ndiko wanakojipanga kama kunguru. Na wewe unataka kwenda kupaza sauti?"

"Roho haisikii kunong'onezwa."

"Basi chukua koti langu jekundu. Wakuone vizuri, wasihangaike kutafuta."

"Sivai koti. Navaa sketi ya kwetu, ile nyekundu. Lazima anitambue."

"Yesu na Maria! Na ngoma je? Hubebi ngoma?"

Micaela akacheka, mara ya kwanza tangu siku ya gari. Catarina naye akacheka, halafu akaacha, akasogeza kiti karibu.

"Sikiliza, dada. Mimi nina karatasi. Niache niende mimi. Nina sauti kuliko kipaza sauti cha kanisa."

"Roho haimfuati jirani, Catarina. Ungekuwa unaweza, ningekutuma zamani."

"Wakikuchukua je? Huyu atabaki hana roho wala mama."

Micaela alikuwa anamenya kitunguu, akamaliza kukimenya, akakiweka chini. "Najua," akasema. "Lakini ana mama sasa hivi, na umeona jinsi alivyo."

Catarina alifuta macho kwa mkono wa sweta. "Mimi sikatai nchi kuwa na mlango," alisema. "Hata mimi nina mlango, na nalala nimeufunga. Lakini mtu akija mlangoni huonyesha uso wake. Hawa wanataka kujua jina langu, la mama yangu, la mama yake mama yangu, na wao wenyewe hata pua hawajanionyesha. Nitajuaje kama huko chini kuna mdomo?"

"Usiseme hivyo."

"Nasema. Nikimwona mtu hana uso na ananiita kwa jina, kwetu tunajua huyo si mtu."

Walikwenda kesho yake alasiri, saa ambayo zamu hubadilishwa. Zamani saa hiyo mtaa ulijaa kelele, watu wamebeba buti mabegani, mama mmoja anauza mahindi ya kuchemsha kwenye toroli. Siku hiyo kulikuwa kimya. Mahali toroli lilipokuwa likikaa palikuwa na mviringo wa lami nyeusi ambapo theluji haikushika, ingawa toroli lilikuwa halijaonekana kwa wiki nyingi. Mapazia yote yalikuwa yamefungwa, na nyuma ya kila pazia Micaela alihisi mtu amesimama, amebana pumzi. Catarina alitangulia mbele na filimbi shingoni. Angeipuliza akiwaona wale.

Pale njia panda, kengele za reli zilikuwa zinalia na taa zake zinawaka, lakini hapakuwa na treni upande wowote. Ziliendelea kulia kwa muda, halafu zikanyamaza. Vijipande vya kioo bado vilikuwepo ndani ya barafu. Navyo havikuwa vya gari la Mateo peke yake. Vilikuwa vya rangi nyingi, vingine vyenye giza, vingine vya kijani. Glovu moja ya kitoto ilikuwa imeganda ukingoni, vidole vikiwa vimenyooka juu.

Micaela alitoa shati kwenye mfuko. Alikuwa hajalifua. Alilitandika juu ya barafu, mikono kulia na kushoto, akachapa ardhi kwa tawi la msonobari.

"Mateo!" akaita, kwa lugha ya kwao. "Mateo, inuka. Usibaki hapa, hapa si pako. Mimi mama yako nimekuja. Twende nyumbani."

Sauti yake ilitoka ndogo. Muda mrefu sana hakuwa ameitumia nje. Akachapa tena, akaita tena kwa nguvu, na safari hii sauti ilikwenda mpaka kwenye matangi ya kiwanda ikarudi. Catarina, kwenye kona, alitazama huku na huku akishika filimbi kwa meno yake ya fedha.

Akaita mara nyingi. Upepo ulikuwa unavuma tangu asubuhi; ukakata. Ukimya uliofuata haukuwa wa mahali pasipo na watu. Ulikuwa ukimya wa chumba ambamo watu wamenyamaza kwa pamoja kwa sababu wamesikia kitu.

Micaela akalishika shati kwenye kola, akageukia nyumbani, akaanza kuliburuza.

"Twende, Mateo. Njoo, Mateo."

Hatua za kwanza shati lilikuwa jepesi, linateleza juu ya theluji kama karatasi. Kufika kwenye duka la kufulia nguo, lilianza kuwa zito. Alifurahi, kwa maana ndivyo alivyoambiwa na mama yake: likiwa zito, ujue ameshika. Lakini liliendelea kuongezeka uzito. Mbele ya duka la viatu ilibidi alishike kwa mikono miwili. Kwenye kona ya benki alikuwa ameinama kama mtu anayevuta mtumbwi, na nyuma yake alisikia theluji ikikanyagwa. Haikuwa miguu miwili.

Filimbi ya Catarina ikalia.

Gari kubwa jeusi lilitokea mtaa wa pembeni, likaja taratibu likawa sambamba naye. Kioo kikashuka. Ndani mlikuwa na uso uliofunikwa, macho tu yakionekana, na macho yenyewe yalikuwa ya kijana.

"Habari ya saa hizi, mama. Unaitwa nani?"

Micaela alitazama mbele. "Njoo, Mateo. Usisimame."

"Mama, nimekuuliza. Unaitwa nani? Una karatasi?"

Akavuta. Hata angekuwa na karatasi asingeweza kumwonyesha, na angekuwa na jibu asingeweza kulisema. Neno moja tu, na Mateo angebaki kwenye kona ya benki milele. Catarina alikuwa anakuja mbio, anateleza, anapiga kelele, "Niulize mimi! Mimi ninazo! Njoo uniulize mimi, we mtoto usiye na pua!"

Gari likasimama. Yule kijana akashuka, akaja mbele ya Micaela, akaweka mkono kifuani pake kumzuia. "Nataka jina lako," akasema. "Halafu unaniambia huyo unayemwita yuko wapi."

Micaela alisimama. Hakuwa na pa kwenda. Akakaza mikono kwenye kola, akafumba macho, akaita kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia Mateo alipokuwa mdogo na chakula kinapoa: "Mateo! Twende nyumbani!"

Nyuma yake theluji ilikanyagwa, karibu sana, ikakanyagwa tena na tena, kama watu wanaosogea kujipanga.

Alipofumbua macho, yule kijana alikuwa hamtazami tena yeye. Alikuwa anatazama juu ya bega lake. Macho yake yalikwenda kutoka mmoja hadi mwingine, polepole, na chini ya kile kitambaa midomo ilikuwa inasogea. Kisha ikaacha, na macho yake yakatua mahali pamoja, mbali kidogo, chini, kama kwenye kimo cha mtoto.

"Hao ni kina nani?" akauliza. Sauti ilikuwa imebadilika kabisa.

Mwenzake alitoa kichwa garini. "Unaongea na nani? Hakuna mtu hapo."

"Hao. Nyuma yake." Alirudi hatua moja. "Yule tulimpandisha ndege. Mimi mwenyewe nilimpandisha."

"Ingia ndani ya gari."

Akaingia, lakini hakupanda mbele alipokuwa. Alipanda nyuma, akajikunyata katikati ya kiti. Gari likaondoka na mlango haujafungwa vizuri.

Micaela hakugeuka. Hiyo ndiyo sehemu aliyosema baadaye kwamba ilikuwa ngumu kuliko zote, ngumu kuliko lile gari. Catarina, aliyekuwa amefika, alisimama ghafla akiwa amefungua mdomo, akatazama nyuma ya Micaela, akaufunga. Akaanza kutembea mbele yake bila mzaha wowote, akisali.

Walifika. Micaela alipanda ngazi za mbao, akafungua mlango, akavuta shati likapita kizingiti. Hapo ruhusa ya kusema ilirudi. Nje, kwenye ngazi, alisikia watu wakipiga viatu kuangusha theluji, kwa adabu, kila mmoja akimsubiri mwenzake amalize.

"Mika," Catarina alinong'ona. Kumbe aliweza. "Umewaita namna gani?"

"Nimemwita Mateo."

"Mateo wa nani?"

Ndipo Micaela alipoliona kosa lake. Kule mtoni ungeita jina tu, kwa sababu aliyeangukia pale ni mtoto wako peke yake. Hapa alikuwa amesimama mahali walipochukuliwa watu majira mazima, akaliita jina ambalo kila nyumba ya kwao inalo, na hakusema mwana wa nani. Waliitika wote. Na pengine, kwa kuwa alisema "mama yako nimekuja", waliitika hata wasiokuwa Mateo.

"Funga mlango," Catarina alisema. "Funga, dada, mchukue wako ufunge."

"Wangu ni yupi?"

Catarina alijisogeza nyuma mpaka ukutani.

Baridi ilikuwa inaingia, na mashine ya kupasha moto iliunguruma chini ya sakafu. Micaela alisimama ameshika kitasa. Akawaza juu ya kina mama wa hao, walioko nyuma ya mapazia, na wale walioko ng'ambo ya mpaka wanaotazama wana wao wakila bila kusema. Akaufungua mlango mpaka mwisho, akauegemezea kiti usijifunge.

"Ingieni," akasema. "Ingieni, nje kuna baridi. Mama zenu watakuja na mashati yao. Catarina atakwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia. Lakini kwanza mpeni njia Mateo wa Micaela, mwana wa Andrés, mjukuu wa Mateo wa kule juu penye kanisa jeupe. Huyo ni wa humu."

Pazia la jikoni likasogea, likatulia. Viti vilikuwa vitupu na nyumba ilikuwa imejaa. Catarina alipita ukutani kwa ubavu, akisema "samahani, samahani", akatoka kwenda kugonga milango.

Micaela alilibeba shati kifuani, likiwa sasa jepesi, na lilikuwa na joto. Akaingia chumbani. Mateo aliketi ukingoni mwa kitanda kama alivyomwacha. Alimvisha mkono mmoja, akamvisha mwingine, akafunga vifungo kuanzia chini kama alivyokuwa akimfungia akienda shule. Alipofika cha juu, kijana alianza kutetemeka. Alitetemeka kwa muda mrefu, meno yakigongana, kama mtu aliyekuwa nje kwenye theluji siku zote hizo na ndiyo kwanza ameingia. Kisha akamtazama mama yake machoni.

"Mateo," akamwita.

"Naam."

Micaela alikaa sakafuni. Hakumharakisha.

"Waliniuliza wewe uko wapi," Mateo akasema, kwa lugha ya kwao, sauti imekauka. "Kila siku. Wakaniletea simu, wakasema mpigie mama yako aje akuchukue, ukimpigia tutakuacha. Namba ilikuwa kwenye ulimi. Nikafunga mdomo, nikaufunga sana, halafu ukakataa kufunguka." Akaushika mkono wa mama yake. "Nilikuwa namwomba Mungu usije. Lakini nilikuwa nataka uje, mama. Nilikuwa nataka uje unichukue."